Blanketi la Bathia Mwezi wa Mei

Bathia Cordiner alizaliwa Portlennie, kijiji chetu cha wavuvi, kabla reli haijafika, na alipenda jambo hilo lijulikane. Mtu akimtajia hoteli, au stesheni, au uwanja wa gofu, alimsikiliza mpaka amalize, kisha akasema taratibu, "Sikuwakuta mimi. Wao ndio walionikuta."

Na kweli walimkuta. Alikuwa msichana wa kutumwa maji siku mabwana wa Kampuni ya reli walipopanda juu ya kilima cha mchanga, kofia wamezishikilia kwa sababu ya upepo, wakautazama Uwanda wote, zile nyasi fupi zilizo kati ya nyumba zetu na bahari. Sisi siku zote tuliona pale mahali pa kuanikia nyavu na kutandazia mablanketi. Wao waliona gofu. Reli yao walikwisha kuifikisha kwetu, nayo ilikuwa ikienda mabehewa matupu, maana samaki wa heringi hakati tiketi ya daraja la kwanza. Basi wakasema, tukijenga hoteli na kuweka uwanja wa gofu, wenye nafasi zao watapanda treni waje. Wakajenga hoteli ya mawe mekundu yenye minara, ukiiona ungedhani kuna mfalme anahamia. Chini yake wakapima mashimo kumi na nane, wakaanzisha klabu, na juu ya mlango wa klabu wakachonga jina la Kampuni ili mtu asije akasahau anacheza kwa nani.

Mwenye ardhi aliwauzia Uwanda wote isipokuwa kitu kimoja, na hicho hakukiuza kwa sababu hakikuwa chake. Wanawake wa Portlennie walikuwa na haki ya kufua mablanketi kwenye kijito kinachokatiza Uwanda, na kuyatandaza kwenye nyasi za kando yake yakauke. Mama zao walifanya hivyo, na mama za mama zao. Mabwana wakacheka, wakakubali. Walidhani mambo ya mablanketi yatajifia yenyewe. Kijito chenyewe kiliangukia katikati ya njia ya mpira ya shimo la kumi na tatu, na wachezaji hawakukawia kulipa shimo hilo jina: Mablanketi.

Kufua blanketi si kazi ya mikono. Blanketi la sufu likishalowa huwa zito kama ndama, na mikono miwili hailiwezi. Mwanamke hupandisha sketi juu ya magoti, akaingia miguu mitupu ndani ya pipa la mbao lililokatwa nusu, akakanyaga, huku mwenzake akimimina maji na kumpigia soga. Hiyo ilikuwa siku ya furaha kwa wanawake wa Portlennie, na wanaume walijua siku hiyo njia ya kijitoni si yao. Lakini mwezi wa Mei hakuna aliyefua. Mwezi wa Aprili sawa, mwezi wa Juni sawa. Ukifua blanketi mwezi wa Mei unamfua mtu wa nyumbani kwako, anakwenda na maji. Hilo halikuwa jambo la kubishania. Mwanamke ambaye mume wake na watoto wake wa kiume wako juu ya mbao tatu katikati ya bahari hana muda wa kujaribu mambo.

Bathia alipofika umri wa kuajiriwa, Kampuni ilikuwa imejenga nyumba kubwa ya kufulia nyuma ya stesheni. Vitambaa vya meza na mashuka ya hoteli zao zote vilikuja kwa treni vichafu na kurudi kwa treni vyeupe. Alipewa aproni na nafasi kwenye beseni, karibu na Isie Duthie, jirani yake, mwanamke mwenye ulimi usiojua Jumapili. Mei ya kwanza mablanketi ya hoteli yakaletwa yafuliwe. Wasichana wote wakarudi nyuma. Msimamizi akapiga kelele mpaka akakauka koo.

Isie ndiye aliyeamua. "Haya mablanketi ni ya nani?"

"Ya Kampuni," akajibiwa.

"Basi tatizo liko wapi? Maji yakitaka mtu, yaichukue Kampuni."

Wakacheka, wakaingia kazini. Na tangu hapo kila Mei walifua mablanketi ya Kampuni kwa moyo mkunjufu kabisa, na ya kwao wakayaacha yangoje Juni.

Mume wa Bathia alikuwa Sandy Cordiner, mtu mpole, mwenye mabega mapana. Walipata mtoto mmoja, Jeems. Sandy alizama katika vita ile ya kwanza, merikebu yake ilipokuwa ikitegua mabomu ya baharini. Jeems akaja kuondoka vita ya pili, kwa njia hiyohiyo, kwenye maji hayohayo. Hakuna aliyemsikia Bathia akilia. Walimsikia akipiga deki. Katika ukoo wake alibakiwa na mtu mmoja tu, mdogo wake Dod Tait, na huyo hawakuwa wakisemezana.

Dod alikwenda upande wa gofu. Bahari ilimtapisha tangu utoto, jambo ambalo katika nyumba ya wavuvi ni kama kuzaliwa huna mkono. Akaanza kwa kubeba mikoba ya fimbo za wageni, akaishia kuwa mtunza uwanja. Aliupenda ule Uwanda kupita kiasi. Alikuwa na farasi wa kukokota mashine ya kukata nyasi, akamshonea viatu vinne vya ngozi ili kwato zisiache alama, na watu walisema farasi wa Dod ana viatu vizuri kuliko mchungaji.

Kilichowatenganisha kilitokea mwezi wa Juni, miaka michache baada ya vita ya kwanza. Bathia alikuwa ametandaza blanketi la harusi yake kando ya kijito, lile jeupe lenye mistari miwili ya buluu, blanketi pekee Sandy alilolalia. Bwana mmoja mgeni wa hoteli akapiga mpira, ukaja ukabingirika, ukakaa katikati ya blanketi. Bwana hakusita. Akaingia juu ya blanketi na viatu vyake vya misumari, akakaa mkao wa kupiga.

Bathia akainuka, akauokota mpira, akaufumbata.

"Mpira wangu, mama," bwana akasema.

"Na blanketi langu, bwana."

Dod akaja mbio kutoka ng'ambo, kofia mkononi, akihema. "Dada, mpe bwana mpira wake."

"Ashuke kwanza."

Dod akavitazama viatu vya yule bwana, na vitundu vilivyokwisha kutokea kwenye sufu. Akamtazama dada yake. Halafu akamfumbua vidole kimoja kimoja, akautoa mpira, akaufuta kwa kofia yake. "Mtusamehe, bwana," akasema. "Ni dada yangu. Tangu mumewe azame hayuko sawa."

Bathia akalikunja blanketi likiwa bado bichi, akaenda nalo nyumbani.

Kesho yake alirudi. Akalitandaza palepale, akakaa katikati yake na soksi yake ya kufuma, na hakuondoka mpaka jua lilipozama. Keshokutwa vilevile. Mwezi mzima wa Juni shimo la kumi na tatu halikuchezeka, na kumwondoa hawakuweza, maana alikuwa kwenye haki yake. Mwishowe wakubwa wa klabu wakakaa kikao, wakabandika sheria mpya mlangoni. Mpira ukiangukia blanketi, mchezaji hatalikanyaga na viatu; atasimama nje ya blanketi na kuvua kofia, atamwomba mwenye blanketi, naye atautoa kwa mkono wake mwenyewe. Watu walitoka mbali kuja kuisoma sheria hiyo. Wengine walilenga blanketi makusudi, wapate kwenda kusimulia kwao kwamba wameombea mpira kwa Bathia wa Portlennie.

Klabu ilisamehewa. Dod hakusamehewa.

Yeye na Bathia walikuwa jirani, ukuta mmoja, bomba moja la maji uani. Kukaa bila kuzungumza kabisa haiwezekani ukiwa na bomba moja. Kwa hiyo walizungumza na mbwa. Dod alikuwa na mbwa mweupe mwenye sikio jeusi, anaitwa Jip. Akifa Jip, Dod alileta mwingine, naye akaitwa Jip, ili mazungumzo yasikatike.

"Jip," Bathia alisema akijaza ndoo, "mwambie mwenye nyumba yako moshi wa tumbaku yake unaingia kwenye mashuka yangu."

"Jip," Dod alijibu kutoka mlangoni, "mwambie huyo mama afunge dirisha."

"Mwambie dirisha nimelikuta wazi tangu enzi za baba."

"Mwambie na tumbaku niliikuta enzi za baba."

Mbwa alitazama huku, akatazama huku, kisha akalala. Miaka ikaenda hivyo. Mke wa Dod aliwahi kujaribu kuwapatanisha, akachoka, na baadaye akafariki kwa kifua. Siku ya mazishi yake Bathia alipika chungu kikubwa cha supu ya viazi na samaki, akakiweka kizingitini kwa Dod, akamwambia Jip, "Mwambie ale ingali moto."

Kampuni nayo ikaondoka, si kwa kishindo. Kwanza iliunganishwa na kampuni nyingine. Motokaa zikaja, wenye nafasi zao wakaacha kupanda treni. Vita ya pili ilipoingia, jeshi lilichukua hoteli na kuzungusha seng'enge Uwanda mzima, na lilipotoka, hoteli haikuwa tena ya kulaza mtu. Ikavunjwa, mawe yake mekundu yakauzwa kwa mikokoteni. Ukipita mjini utayaona kwenye kuta za zizi la ng'ombe na bucha. Nyumba ya kufulia ikafungwa. Halafu serikali ikazichukua reli zote, na jina la Kampuni likabaki pale juu ya mlango wa klabu tu.

Isie alipozisikia habari hizo akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Tuliifua vizuri," akasema.

Klabu haikufa. Mwoka mikate, mkuu wa stesheni, wavuvi waliokuwa zamani wakibeba mikoba, ndio waliokuwa wanachama sasa. Dod aliendelea kukata nyasi, farasi amekufa, mashine akiisukuma mwenyewe. Bathia aliendelea na blanketi lake kila Juni, ingawa wanawake wengine walikwisha kuzoea kamba za nyuma ya nyumba, na hata yeye miaka miwili ya karibuni nyonga ilimzuia.

Ndipo, wiki ya kwanza ya mwezi wa Mei, wakaitwa wote kwenye ukumbi wa wavuvi. Bwana Strachan, wakili wa mjini ambaye babu yake alikuwa wa kwetu, alisimama mbele akazungumza bila kuzungukazunguka. Uwanda, uliokwenda serikalini pamoja na reli, umeuzwa. Aliyeununua ni Bwana Penrice, mfanyabiashara wa mchanga. Miji ilikuwa inajengwa upya baada ya mabomu, na mchanga ulikuwa mali. Angechimba vilima vyote, kuanzia shimo la kwanza mpaka la mwisho, mpaka bahari ije ibishe milango yetu. Angekuja kukabidhiwa tarehe kumi na tano ya Mei.

"Hakuna linalomzuia?" mwoka mikate akauliza.

"Moja," akasema wakili. "Haki ya mablanketi. Kijito kiko katikati, na hawezi kupitisha malori yake bila kupita pale. Mawakili wake wanasema haki hiyo imekufa, hakuna anayeitumia. Akija akakuta nyasi tupu, atazungusha ua siku hiyohiyo, nanyi mtamshitaki mkiwa nje ya ua, na kesi itamaliza miaka. Lakini akikuta mablanketi yanafuliwa na kutandazwa, mbele ya mashahidi, hawezi kufunga. Itabidi ashitaki yeye, na sioni kama atashinda."

Wanaume wakapumua. Kisha wakaona wanawake hawajapumua.

"Mashuka je?" Isie akauliza. "Mashuka nakupa hata ishirini."

"Haki ni ya mablanketi, Bi Duthie. Penrice amekwisha kuniambia mtu akitandaza kitu kingine atakizoa."

"Basi tutandaze mablanketi makavu. Nani atajua?"

Bathia, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, akasema, "Mimi nitajua. Ukitandaza blanketi ambalo halijafuliwa ni mkeka huo."

Boti zote zilikuwa baharini wiki ile. Isie alikuwa na mume na watoto watatu huko. Ukimtoa Bathia, hakuna mwanamke aliyekuwa ukumbini ambaye hakuwa na mtu kwenye maji. Mwanamume mmoja wa klabu, fundi saa aliyetoka bara, akaanza kusema kwamba hayo ni mambo ya kizamani tu.

"Mkeo ana mtu baharini?" Isie akamuuliza.

"Hana."

"Basi mlete afue." Fundi saa akakaa chini.

Watu walianza kutoka. Mlangoni Isie akamshika Bathia mkono. "Shoga, sikwambii ufanye," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini wewe… huna tena mtu kwenye maji."

"Nina Dod."

"Dod haendi baharini."

"Maji si bahari peke yake," Bathia akasema. "Baba yake Wattie Summers alizama kwenye hori la kunyweshea ng'ombe."

Hilo lilikuwa kweli, na Isie akamwachia mkono.

Usiku ule Bathia alilifungua sanduku, akalitoa blanketi la mistari ya buluu, akaketi nalo mapajani. Vitundu vya misumari alivitia viraka zamani, ukipitisha kidole unavisikia. Sandy alikuwa hayuko, Jeems hayuko. Hakutaka kumkosa na yule aliyebaki ambaye hata hawazungumzi. Na upande wa pili wa ukuta alimsikia Dod akikohoa, akitembea, akikohoa. Uwanda ukichimbwa, Dod angekuwa na nini cha kuamkia? Angekufa akiwa mkavu.

Asubuhi akatoka na ndoo. Dod alikuwa kizingitini na kiko chake, Jip miguuni.

"Jip," Bathia akasema. Mbwa akainua sikio. "Mwambie mwenye nyumba yako kuna blanketi linataka kufuliwa tarehe kumi na tano. Mwambie damu yangu iliyobaki ni moja. Sitaki kufua bila yeye kujua. Akikataa, sifui, na sitamlaumu."

Dod akatoa kiko mdomoni. Akautazama moshi unavyokwenda dirishani kwa dada yake. Halafu akasema, bila kumtazama mbwa, "Fua, dada."

Ndoo ilijaa ikafurika, Bathia hakufunga bomba.

"Umesikia nilichokuuliza?"

"Nimesikia. Fua. Mimi mzee, magoti yamekwisha. Maji yakinitaka yatachoka kunibeba." Akaja akafunga bomba mwenyewe. "Ila nyasi zile zina umri mdogo bado."

Bathia akabeba ndoo yake akaingia ndani. Alipofika ndani akagundua hajamjibu, na kwamba hakujua anaanzaje kumjibu mtu pasipo mbwa.

Tarehe kumi na tano kulipambazuka baridi, upepo wa mashariki, mwanga safi. Bathia alikuwa kijitoni mapema, pipa limejaa, sabuni imekatwakatwa. Amekwisha kupandisha sketi na kuingia aliposikia gurudumu likilia nyuma yake. Dod alikuwa anakuja na toroli la nyasi, na ndani ya toroli blanketi lake la kitandani, la rangi ya udongo.

"Na hilo la nini?"

"Nikichukuliwa, nichukuliwe kitanda changu kikiwa safi."

"Dod, mtu hachezei mambo haya."

"Sichezi." Akaketi kwenye nyasi, akaanza kufungua kamba za viatu. "Sogea."

Basi wakakanyaga. Watu wazima wawili wenye mvi ndani ya pipa moja, wameshikana mabega wasianguke, kama walivyofanya wakiwa watoto mama yao alipowatia wote wawili kwa kuwa ni wepesi. Dod alilalamika maji ni ya barafu. Bathia alimwambia wanawake wamelalamikia maji hayo tangu dunia iumbwe na hakuna mwanamume aliyewasikia. Akasema Dod hajui kukanyaga, anapapasa kama anayetafuta kitufe. Akasema miguu yake inanuka tumbaku. Akasema mengi, alikuwa ameyaweka muda mrefu.

Wanawake wakaja. Hakuna aliyekuja na blanketi, na Bathia hakutegemea. Lakini walikuja wote, na soksi zao za kufuma, na birika la chai limefungwa shali, na mikate ya oti, wakakaa kwenye nyasi kuzunguka kijito. Isie akawa mmiminaji wa maji, maana kumimina si kufua, alikwisha kulipima hilo. Bwana Strachan alisimama kando na mashahidi wawili kutoka mjini.

Penrice alifika na lori limejaa nguzo na seng'enge. Alikuwa mtu mnene, amechangamka, si mtu mbaya usoni. Akayaona mablanketi mawili yametandazwa, yanatoa mvuke kwenye jua, moja jeupe lenye mistari, moja la udongo. Akawaona wanawake. Akamwona Bathia akishusha sketi yake polepole, bila aibu.

"Wakili," akasema, "huyu bibi ana akili timamu kweli? Baridi hii?"

Aliyejibu si wakili. Dod alikuwa bado miguu mitupu, suruali imekunjwa, vifundo vimekuwa vyekundu. Kofia hakuivua.

"Ni dada yangu," akasema. "Yuko sawa kabisa."

Penrice akapiga hatua aone kama blanketi limelowa kweli.

"Vua viatu, bwana," Dod akasema.

"Nini?"

"Ni sheria ya uwanja. Imebandikwa mlangoni. Hukanyagi blanketi na viatu."

Penrice akamtazama wakili. Bwana Strachan akaeleza kwamba sheria ipo na ni ya zamani. Penrice akainama, akaligusa blanketi kwa vidole viwili, vidole vikarudi na maji. Akasimama pale akiangalia lori lake, na kijito, na vilima vya mchanga nyuma yake asivyoweza kuvifikia. Isie akampa kikombe cha chai. Akanywa, maana baridi ilikuwa kweli, kisha akaondoka na nguzo zake.

Hakushitaki. Kabla ya mwaka kwisha aliuachia Uwanda, akaenda kuchimba kwingine, na klabu ikauchukua, klabu yetu, ya wavuvi na waoka mikate. Jina la Kampuni lipo bado juu ya mlango. Hakuna aliyeona haja ya kulifuta.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku zile za Mei zilizobaki hakuna mtu Portlennie aliyekuwa akiwaza mchanga. Walikuwa wakimwaza Dod. Bathia alimkataza kwenda gatini, akamkataza kuvuka kijito, hata nyasi za ng'ambo zikakua mpaka wachezaji wakanung'unika. Alimletea maji ya kunawia mwenyewe, nusu bakuli. Dod alitaka kuoga, akakataliwa.

"Dada, nanuka."

"Nuka. Utaoga Juni."

"Hata ndevu ninyoe kavu?"

"Ulizipata wapi haraka za kunyoa? Nani anakutazama?"

Siku moja mvua kubwa ilinyesha, Bathia akaja akasimama mlangoni kwa Dod na mwavuli wa marehemu mama, akamsindikiza mpaka kibanda cha mashine na kumngojea mpaka amalize, watu wakichungulia madirishani. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Usiku, akiwa kitandani chini ya blanketi safi, Bathia alisikiliza ukuta. Akisikia kikohozi, analala.

Asubuhi ya tarehe mosi Juni alikuwa anapiga deki kizingiti chake, mgongo barabarani, aliposikia mlango wa pili ukifunguliwa na hatua zikaja zikasimama nyuma yake. Hakugeuka mara moja. Alikamua tambara kwanza.

"Nimebaki," Dod akasema.

"Naona."

"Jip anauliza kama kuna uji."

Bathia akamtazama mbwa, ambaye alikuwa amelala uani, macho amefumba, hajauliza lolote.

"Mwache Jip alale," akasema. "Uji upo. Vua viatu hapo nje, nimetoka kupiga deki."